Desimali na Mshono wa Ramani

Mdogo wangu hawezi kupita mbele ya picha iliyopinda ukutani. Ataingia nyumba za watu, hata salamu hazijaisha, mkono umeshafika kwenye fremu. Siku moja nilimpeleka kwa daktari wa meno, shavu limevimba, machozi yanamlengalenga, na badala ya kukaa akapanda juu ya kiti kunyoosha kalenda. Daktari akamwuliza kama amekuja kung'olewa jino au kung'oa misumari. Ndivyo alivyo, na kwa kuwa nimeishi naye nyumba moja tangu mama yetu alipotutoka, nikimsema nina haki.

Mimi nina duka la fotokopi. Ni chumba kimoja kirefu: mbele kaunta, kando mashine mbili za fotokopi na printa kubwa ya karatasi pana, na nyuma kabisa, penye dirisha, ndipo alipojibanza yeye na kompyuta yake. Zamani alichora viwanja katika ofisi ya wapima ardhi. Ofisi ilipofungwa aligeukia ramani za michezo, yaani nchi za kubuni, zenye mito na milima na miji ambayo haipo, zinazotandazwa mezani ili watu wazima na akili zao wasukume vipande vya mbao juu yake. Mwanzoni nilimcheka sana. Nilimwuliza kama nchi za kweli zimekwisha kuchorwa. Lakini kazi zikaanza kumjia, tena kutoka mbali, nikafunga mdomo.

Juu ya kila ramani hulaza wavu wa vyumba vyenye pembe sita, kama sega la nyuki. Vipande hutembea chumba hadi chumba, na kwa vyumba hivyo ndipo hujulikana nani yuko karibu na nani yuko mbali. Mstari wa wavu ukipita katikati ya mji, wachezaji watagombana kwamba mji uko chumba kipi, na wakishagombana hawalaumiani wao kwa wao, wanamlaumu mchoraji. Kwa hiyo kazi yenyewe si kuchora mlima. Mlima hata mimi ningeuchora. Kazi ni kuulaza huo wavu ukae panapotakiwa, kuanzia kona ya kwanza mpaka ya mwisho, na kompyuta haikusaidii kama wewe mwenyewe umeipa vipimo vya ovyo.

"Watu wanapima chumba kimoja," huwa ananiambia, kana kwamba nimemwuliza. "Chumba kimoja hakikwambii kitu, dada. Pima vingi kwa mpigo, halafu gawanya. Kosa dogo kwenye chumba kimoja hulioni. Ukifika mwisho wa ramani limeshanenepa."

Na akishagawanya anapata namba yenye mkia, na mkia huo anauandika wote. Ndiyo maana wateja wangu wakampa jina la Desimali. Watu wanaleta vyeti vyao kufotokopi, wanachungulia kule nyuma, wanauliza, "Desimali hajambo?" Naye anainua mkono bila kugeuka, maana anatazama kona ya chini ya ramani. Huwa anaanza kukagua chini. Anasema kona ya juu hata mlevi anaipatia.

Basi mtu huyo, mwenye akili yote hiyo ya vipimo, alimpenda Dereva na hakujua afanye nini.

Dereva ni mwanamke anayeendesha gari la wagonjwa. Ni mrefu, ana sauti ya mtu aliyezoea kuambiwa "pita", na akicheka chumba kizima kinageuka kuona kuna nini. Alikuwa mwanachama wa chama cha wachezaji kinachokutana Jumamosi mchana kwenye ukumbi ulio juu ya duka la magodoro, jirani na sisi. Mdogo wangu naye alikuwa mwanachama, ingawa kucheza hachezi. Anakaa pembeni anatazama kama ramani zake zinatendewa haki. Tangu Dereva ajiunge, Jumamosi asubuhi pasi ilikuwa haipoi nyumbani kwetu. Mtu ambaye wiki nzima anavaa fulana moja, Jumamosi anapiga shati pasi mpaka kola inasimama yenyewe.

"Mwambie," nilikuwa namwambia.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie hata hujambo! Anza na hujambo, mengine yatafuata."

Anacheka, anapanga kalamu. Nilitamani kumtia kofi.

Sasa, kila mwaka chama huchagua mchezaji mmoja wa kwenda kwenye mkutano mkubwa wa wachezaji katika mji mwingine. Mwaka ule waliobaki kwenye fainali walikuwa Dereva na jamaa mmoja mkaguzi wa hesabu, mtu wa miwani na kikohozi cha kujitambulisha, mjuaji kweli kweli, ila hana ubaya. Dereva alikuwa akiitaka safari ile kufa na kupona. Alikuwa ameshaomba likizo kazini, na alinieleza sababu mwenyewe siku moja, ameegemea kaunta yangu.

"Dada, nataka siku chache ambazo nikisikia king'ora kikilia, ni cha mtu mwingine."

Nilimwelewa mara moja. Na mdogo wangu, kule nyuma, aliacha kubofya.

Ramani ya fainali aliombwa yeye aichore, mpya kabisa. Alichora nchi yenye ziwa juu, milima katikati na jangwa chini, na ndani ya jangwa akaweka kisima kimoja. Mchezo ni kuuleta msafara wako kisimani kabla ya mwenzako. Ramani ilikuwa kubwa kuliko karatasi ya printa yangu, hivyo akaigawa pande mbili, kushoto na kulia, kila upande na faili lake. Mshono ungepita katikati ya vyumba, nusu huku nusu kule, na tukiunganisha karatasi kila nusu ikutane na mwenzake. Aliandika vipimo vya wavu kwenye faili la kushoto, na mkia wake wote. Akafungua la kulia, akaanza kuviandika upya. Alikuwa ameandika namba nzima, bado mkia, Dereva akaingia dukani kufotokopi leseni.

Aliinuka kwa haraka mpaka goti likagonga meza, na maumivu yake akayameza.

"Ramani inaendaje?" Dereva akauliza.

"Inaenda," akajibu.

Mazungumzo yalikuwa hayo tu, nawaapia. Dereva akachukua leseni yake akaondoka, na mdogo wangu akarudi kwenye kiti anatabasamu peke yake kama mtu aliyesifiwa redioni. Akabofya, wavu ukajilaza. Akatazama kona ya juu, ikawa sawa. Ya chini hakuitazama, labda kwa mara ya kwanza tangu anunue kompyuta ile. Kulia chini kulikuwa jangwa na kile kisima tu, hakuna mji ambao mstari ungeukata ukamshtua. Mimi nikachapa, nikakata kingo, nikaunganisha kwa gundi. Gundi ni yangu, nakubali. Namba zilikuwa zake.

Siku ya fainali ukumbi ulijaa. Viti vilikuwa havitoshi, wengine wamekaa juu ya magodoro ambayo mwenye duka alikuwa ameyapandisha huko kwa kukosa nafasi chini. Nilifunga duka, nikaenda na chupa ya chai, nikakaa karibu na mdogo wangu aliyekuwa na shati lake lililonyooka.

Walicheza kwa muda mrefu, kimya, isipokuwa kikohozi cha Mkaguzi. Mwisho misafara yote miwili ikawa jangwani. Wa Mkaguzi ulikuwa mlangoni mwa kisima. Zamu yake ikifika, kazi imekwisha. Wa Dereva ulikuwa ng'ambo ya pili ya mshono, kushoto, na alikuwa na ruhusa ya kwenda vyumba vinne tu. Akakishika kipande chake. Akahesabu kwa sauti, polepole, kidole kikifuata: moja, mbili, hapo akawa juu ya mshono, tatu, nne. Kisima.

Mkaguzi alivua miwani, akaivaa, akahesabu naye kwa kidole chake. Akahesabu tena. Akasema, "Nne. Halali." Akampa mkono.

Jamani, kile kicheko. Dereva aliruka, akanikumbatia mimi niliyekuwa karibu mpaka chai ikanimwagikia, halafu akamshika mdogo wangu mabega mawili akamtikisa.

"Desimali! Ramani yako tamu!"

"Ahsante," akasema. "Hongera."

Nilimtazama nikaona kijasho chembamba juu ya mdomo. Nikadhani ni mapenzi. Mtu ameshikwa mabega na ampendaye, mwacheni atoke jasho. Jioni hakula, nikadhani ni hayo hayo.

Jumatatu asubuhi nilipofungua duka nilimkuta ameshafika, anachapa karatasi moja baada ya nyingine kwenye printa yangu, mistari mitupu, na anaipima kwa rula ya chuma.

"Dada," akasema bila kunitazama, "printa yako inavuta karatasi."

"Inafanya nini?"

"Inavuta. Inarefusha upande mmoja na kufupisha mwingine. Ndiyo imeharibu ramani."

Hapo nilipandwa na hasira. Printa ile niliinunua kwa jasho langu, naifuta vumbi kila asubuhi, imechapa mabango ya nusu ya mji huu na haijawahi kumdhulumu mtu hata kidogo. Nilimnyang'anya rula. Nikapima mstari wake wa kwanza, wa pili, wa tatu. Yote ilikuwa sawa na ilivyoandikwa kwenye kompyuta.

"Haya, nionyeshe ilipovuta," nikamwambia. "Nionyeshe, au uiombe radhi."

Alikuwa anataka sana liwe kosa la printa, nikaanza kuona. Akafungua faili la kulia, akashuka mpaka penye vipimo vya wavu. Palikuwa na namba nzima, haina mkia. Tukaitazama wote wawili. Halafu akanieleza, sauti iko chini, kilichotokea. Kila chumba cha upande wa kulia kilipungukiwa kidogo sana, unene wa unywele. Juu hakuna anayeona. Lakini kila safu iliongeza unywele wake juu ya ule wa mwenzake, na kufika jangwani wavu wa kulia ulikuwa umepanda karibu nusu chumba. Nusu za kushoto zilikuwa hazikutani tena na za kulia. Kipande cha Dereva kiliposimama juu ya mshono, kushoto kilikuwa katika chumba kimoja, kulia kilikuwa kinagusa viwili, naye akatokea kwenye kile cha mbele. Kama wavu ungekaa sawa, ni hatua tano. Angebaki chumba kimoja nje ya kisima, na zamu inayofuata Mkaguzi angeingia.

"Basi nyamaza," nikasema.

Akaniangalia.

"Unaniangalia nini? Nyamaza! Yeye hakuiba, hakujua. Mkaguzi mwenyewe kahesabu mara mbili, karidhika, kampa mkono. Nani ameumia? Ukitoboa hili unamnyang'anya safari yake mwenyewe kwa mkono wako. Na wewe, mdogo wangu, na wewe utakuwa umemkosa. Unalijua hilo?"

"Najua."

"Unajua, na bado?"

"Dada, kila nikimwona nitakuwa nauona ule mshono."

Nilimwita majina ambayo sitayarudia. Alichukua ile ramani, akaikunja chini ya kwapa, akatoka. Nikamwachia jirani wa magodoro funguo za duka nikamfuata. Nilijiambia naenda kumzuia. Ukweli ni kwamba niliogopa atafika mbele ya Dereva aanze kueleza habari za kugawanya.

Na ndivyo alivyofanya. Tulimkuta Dereva kwenye uwanja wa magari ya wagonjwa, amevaa buti, ndoo pembeni, anafuta vioo vya gari kwa kitambaa. Alitukaribisha kwa furaha, akauliza kama nguo yangu imetoka chai. Mdogo wangu akatandaza ramani juu ya boneti na kuanza: wavu, safu, faili la kushoto, faili la kulia, mkia wa namba. Nilikuwa namfinya mgongoni.

"Desimali," Dereva akamkatiza, "niambie kama unavyomwambia mtu mwenye haraka."

"Ulikwenda vyumba vitano. Ulitakiwa vinne. Wavu uliteleza na kosa ni langu. Hukushinda."

Dereva aliinama juu ya ramani. Aliufuata mshono kwa kidole kilichokuwa bado na maji ya sabuni, kutoka ziwani mpaka jangwani, na alipofika chini kidole kikasimama. Aliona. Uso wake ulishuka, na mimi moyo ukaniuma kana kwamba safari ilikuwa yangu.

"Sawa," akasema. "Umeliona lini?"

Hapo nilikuwa tayari kujibu kwa niaba yake. Leo asubuhi, dukani, mbele yangu. Lakini yeye akawahi.

"Palepale. Ulipoweka kipande juu ya mshono."

Sikuamini masikio yangu. Yaani jasho lile, ile hongera, ile siku nzima ya Jumapili akizunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia!

"Ulikuwa unajua," Dereva akasema polepole, "na ukanipa hongera."

"Ndiyo."

"Ramani kukosewa, hilo silo. Mimi nimeshawahi kuingia mtaa siyo, na mgonjwa yuko nyuma. Nikikosea nasema papo hapo kwenye redio, wote wasikie, wanicheke wakitaka, nageuza gari. Wewe ulikaa pale unanitazama nikishangilia kitu kisicho changu. Nimempigia simu mama yangu, Desimali. Nimewaambia watu wa zamu yangu, wamenipigia makofi. Kwa nini ulinyamaza?"

Mdogo wangu alisimama mikono imening'inia.

"Nilipenda ulivyocheka," akasema.

Dereva alikamua kile kitambaa mpaka hakikubaki na tone. Akakitazama. Akatazama gari. Kisha akasema, bila kugomba, na afadhali angegomba, "Nendeni tu. Nina kazi."

Tulirudi kwa miguu. Nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa naona fahari, na nilikuwa na huzuni, vyote mara moja, mpaka nikanunua ndizi ambazo sikuzihitaji.

Dereva mwenyewe ndiye aliyempigia simu Mkaguzi, na mwenyekiti wa chama, akawaambia ushindi haupo. Siku ya pili yake Mkaguzi akaja dukani. Nilijiandaa kwa majigambo. Badala yake aliegemea kaunta anacheka mpaka kikohozi kikamshika.

"Kazi yangu ni kukagua hesabu za watu, dada yangu. Za watu wazima, wenye makampuni! Nimehesabu vyumba vinne, mara mbili, kwa kidole, na nimepigwa. Ofisini wakijua, kwisha habari yangu. Turudie tu, Jumamosi."

Mdogo wangu alichora ramani upya. Safari hii hakufungua mafaili mawili. Alitandaza nchi nzima kwenye faili moja kubwa mpaka kompyuta ikawa inahema, akalaza wavu mmoja juu ya yote, na baada ya hapo ndipo akaikata pande mbili, ili nusu za kushoto na nusu za kulia ziwe zimetoka tumbo moja. Alikagua kona ya chini. Akaniita nami nikague. Nikamwambia macho yangu si ya kazi hiyo, ila nikakagua, na ilikuwa imekaa. Kabla sijachapa nilimkumbusha kwamba kuna mtu hapa alisingiziwa. Akaigeukia printa, akaipigapiga juu, akasema, "Samahani, mama." Nilicheka mpaka mteja aliyekuwa kaunta akadhani nimechanganyikiwa.

Lakini wiki ile nzima Dereva hakupita dukani, na Jumamosi asubuhi pasi haikuguswa.

Ukumbini aliingia akasalimia kila mtu kwa jumla, kwa hiyo mdogo wangu alisalimiwa kama sehemu ya viti. Kabla ya kuanza, Dereva alisema, "Ngojeni kidogo." Akaenda upande wa jangwa, akainama, akapitisha kidole kwenye mshono, taratibu. Mimi roho iko juu.

"Imekaa," akasema, na akavuta kiti.

Alicheza vizuri, jamani, alicheza vizuri kuliko mara ya kwanza. Alimzungusha Mkaguzi milimani mpaka miwani ikawa inateleza. Lakini jangwani Mkaguzi alipata njia, na vyumba vilikuwa vile vile vilivyo, havina huruma na mtu. Msafara wa Dereva ulisimama chumba kimoja kabla ya kisima. Alihesabu kwa macho, akaona, akatangulia kumpa Mkaguzi mkono kabla hata hajacheza zamu yake ya mwisho. Watu wakampigia makofi yeye kuliko mshindi. Nilitamani kulia. Nilitamani pia kumzaba mdogo wangu, kwa sababu angekuwa amenyamaza tu, mwanamke huyu angekuwa anapanga begi.

Watu wakatoka, kelele zikashuka ngazi na kuishia mtaani. Mdogo wangu alibaki kukunja ramani. Mimi nilibaki kukusanya vikombe, kazi ambayo nilikuwa naifanya kikombe kimoja kimoja, maana Dereva alikuwa bado amesimama dirishani.

Ramani kubwa mtu mmoja haikunji ikanyooka. Upande mmoja unatangulia. Alijaribu, ikapinda, akaifungua tena. Alipojaribu mara ya pili Dereva akaja, akashika upande wa pili bila kuambiwa, wakawa wanakunja pamoja, wanakaribiana.

"Likizo wameshanipa," Dereva akasema, akiitazama karatasi. "Hairudishwi. Wiki nzima nitakaa nyumbani natazama ukuta."

Mdogo wangu akanyoosha mkunjo kwa kidole gumba.

"Huna la kusema?"

"Samahani," akasema. "Si kwa ajili ya wavu. Wavu nimeshaurekebisha. Samahani kwa kunyamaza. Nilikuona umefurahi, nikataka iendelee, nikakufanya mjinga mbele za watu. Sitarudia."

Maneno mengi kiasi hicho, kwa mpigo, sijawahi kuyasikia kwake tangu azaliwe. Nilikuwa nimeshika kikombe kimoja na nikasahau kukiweka.

Dereva akamaliza kukunja. Akamkabidhi ramani mikononi, lakini upande wake hakuuachia.

"Hiyo ndiyo niliyokuwa naingoja pale uwanjani," akasema. "Ukaniletea habari za kicheko." Halafu nikaona mdomo unamcheza. "Jumatatu una kazi?"

Sasa nawaombeni mnielewe. Mezani kwake kulikuwa na ramani tatu. Moja ilitakiwa Jumatatu hiyo hiyo, bila kukosa, na mteja mwenyewe alikuwa amepiga simu asubuhi ile akanifokea mimi, dada mtu, kana kwamba mimi ndiye mchoraji. Mdogo wangu alikuwa amesimama karibu yangu anasikia kila neno. Na huyu ni mtu ambaye hawezi kuona chumba kimepungua unywele asikose usingizi.

"Sina," akasema. Hata jicho halikupepesa.

Niliviokota vikombe vilivyobaki vyote kwa mkupuo, nikashuka ngazi mbio kabla sijaharibu.

Jumatatu mwenye ramani akapiga, kama nilivyojua atapiga. Nilitazama kule nyuma kwenye dirisha, kiti kitupu, kompyuta imezimwa. Nikamwambia fundi ameamka na homa, tena kali, na sijui atarudi saa ngapi. Hilo la mwisho lilikuwa kweli.